Kabla Diski Haijachongwa

Kila diski ya breki hutoka kiwandani na namba inayotaja mwisho wake. Huchapwa kwenye kikombe cha diski au ukingoni: herufi MIN TH, tarakimu mbili au zaidi, kisha mm. Maana yake ni kwamba diski ikifikia unene huo kazi yake imekwisha, hata kama inang'aa na gari bado linasimama. Kutu na vumbi la pedi huifunika namba hiyo mapema, na wenye magari wengi huyauza magari yao bila kuiona hata mara moja. Katika karakana moja ya kukereza vyuma huko Gerezani, Dar es Salaam, hakuna diski iliyofungwa kwenye mashine kabla namba hiyo haijasuguliwa kwa brashi ya waya na kusomwa kwa sauti.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alifundishwa kazi katika karakana hiyo, kijana aliyemaliza sekondari na kupelekwa na baba yake mdogo akajifunze kazi ya mikono. Mwenye karakana alikuwa mtu mzima aliyejifunzia ukerezaji kwenye karakana ya reli, na kila mtu pale mtaani, kuanzia mama ntilie hadi wenye malori, alimwita Mzee. Miaka ya nyuma kazi yake kubwa ilikuwa bushi, shafti na dramu za breki za malori. Magari madogo yaliyotumika kutoka Japani yalipozidi kumiminika nchini, meza yake ikaanza kujaa diski. Zililetwa ndani ya viroba, nyingi zikifungwa kwa mpira nyuma ya kiti cha pikipiki, pamoja na agizo fupi: "Fundi amesema zichongwe."

Agizo hilo Mzee hakulipokea lilivyo. Alikuwa na sanduku la mbao lenye mikromita iliyoviringishwa kwenye kipande cha fulana, na kabla ya maneno mengine aliifungua. Alipima unene wa diski sehemu nane, akiizunguka yote, kila kipimo kikiwa milimita kumi hivi kutoka ukingoni, na kila jibu akaliandika kwa chaki juu ya chuma chenyewe. Wapo wateja waliokasirika. Walisema wamekuja kuchongewa, hawakuja kupimiwa. Mzee hakubishana nao. "Kaa kidogo, bosi," aliwaambia. "Nikishakata, siwezi kurudisha."

Hesabu aliyoifanya kwa chaki inamfaa kila mwenye gari. Chukua diski ya mbele ya Toyota Prado ya toleo la 120, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 2002 na ambalo bado ni jingi kwenye barabara za Afrika Mashariki. Ikiwa mpya, diski hiyo ina unene wa milimita 28, na kikomo chake ni 26. Kwa hiyo anayenunua diski mpya amenunua milimita 2 za kutumia. Chuma kingine chote kipo kwa ajili ya kubeba joto na kuhimili nguvu. Pedi hula sehemu ya hizo milimita 2 kidogo kidogo kila siku, na mashine hula sehemu nyingine kwa dakika chache. Diski yenye mifereji huhitaji kukatwa milimita 0.3 hadi 0.5 kila upande, yaani 0.6 hadi 1 kwa pande zote mbili. Iliyobaki na 27.4 ikikatwa 0.6 hushuka hadi 26.8. Bado ina 0.8 ya kutumia, na pedi mpya zinaweza kuishi nayo salama.

Sasa chukua diski yenye 26.7 na uikate kiasi hicho hicho. Inafika 26.1. Siku hiyo inapotoka kwenye mashine haijavuka kikomo, na fundi anaweza kukuonyesha kipimo bila kusema uongo. Lakini pedi mpya zitakazofungwa nayo zitaifikisha chini ya 26 zikiwa bado nene, na hakuna atakayefungua tairi kuangalia, kwa sababu pedi bado zipo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa Marekani huweka vipimo viwili: kimoja cha mwisho wa kuchonga, kingine cha kutupa diski. Dramu za breki zina mantiki hiyo hiyo kwa kinyume chake; zenyewe huandikwa kipenyo cha juu kabisa, kwa kuwa zinavyoliwa ndivyo zinavyopanuka.

Hata suala la pesa linajibiwa na mikromita hiyo hiyo. Diski iliyobaki na 0.8 kati ya milimita 2 ina asilimia 40 ya maisha ya diski mpya. Gharama ya kuichonga, pamoja na nauli na siku ambayo gari limekaa juu ya mawe, ikizidi asilimia 40 ya bei ya mpya iliyo bora, mwenye gari amepata hasara akidhani ameokoa. Kwa diski nzito za magari makubwa, ambazo bei yake ni kubwa, kuchonga mara nyingi hushinda. Kwa diski nyembamba za gari dogo ambazo madukani ni rahisi, mara nyingi hakushindi. Mzee aliwapigia wateja hesabu hii hata pale ilipomkosesha kazi, na kijana wake alishuhudia wengi wakiondoka na viroba vyao bila kulipa hata shilingi.

Jambo moja hufanya milimita hizo kuwa na uzito kuliko zinavyoonekana. Diski za mbele za magari mengi ya leo hazijajaa katikati. Ni sahani mbili za chuma zilizounganishwa na mapezi, na kati yake hewa hupita kuchukua joto. Katika zile milimita 28, sehemu kubwa ya katikati ni upepo. Mashine inapokata, haigusi upepo, inakata sahani. Kwa hiyo mtu anayeona 2 ikiondoka kwenye 28 na kusema ni kitu kidogo amekosea kigawanyo, maana chuma chenyewe kimepungua kwa sehemu kubwa zaidi.

Na chuma hicho ndicho hubeba joto. Gari la tani 2 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kulisimamisha kabisa kunazalisha joto la kama kilojuli 770. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji ya kawaida, na lote linaingia kwenye breki kwa sekunde chache, sehemu kubwa ikienda kwenye diski za mbele. Mteremko ni mkali zaidi. Kila mita 100 gari hilo linaposhuka kwa kimo, breki zikiachiwa kazi yote peke yake, hupokea joto linalozidi la kusimama mara mbili na nusu kutoka mwendo ule. Anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam hukutana na Kitonga baada ya Ilula, barabara ikijikunja ukingoni mwa mlima kuelekea Ruaha Mbuyuni. Pale ndipo tofauti kati ya diski nene na diski nyembamba hujulikana.

Dereva mmoja wa Noah iliyobeba abiria na mizigo njia hiyo alileta diski zake kwa Mzee asubuhi moja. Usukani ulikuwa unatetemeka akikanyaga breki. Vipimo vya chaki vilionyesha kuwa zimebakiwa na robo ya milimita hadi kikomo. Mzee akazirudisha kwenye kiroba. Dereva akasihi: gari ni la tajiri, tajiri ametoa hela ya kuchonga tu, safari ni kesho. Akaambiwa awaombe wenye duka wamkopeshe. Akaondoka akiwa amenuna, na mtaa wa pili akapata aliyezikata siku hiyo hiyo.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, safari hii bila haraka. Kwenye Kitonga pedali ya breki ilikuwa imezama hadi chini. Alijiokoa kwa gia ndogo na breki ya mkono, akaliegesha gari kwenye ukingo wa upande wa mlima, abiria wote wakiwa salama. Diski aliyokuja nayo ilikuwa na rangi ya bluu kama shingo ya njiwa, na nyufa zilizoanzia ndani kuelekea ukingoni. Mzee hakumkaripia. Alimwomba amwachie ile diski, akaitundika kwenye msumari mlangoni, na kwa miaka iliyofuata kila aliyekuja na agizo la "zichongwe tu" alioneshwa hiyo kwanza.

Kilichozamisha pedali ile kinaeleweka. Diski nyembamba hupata joto haraka kuliko nene. Joto hupita kwenye pedi, likaingia kwenye kalipa na kufikia oili ya breki. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 ni nyuzi 230. Lakini oili hii hunyonya unyevu wa hewa kadiri inavyokaa, na ikishanyonya, viwango vinavyokubalika vinashuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Ikichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba. Mguu wa dereva unabonyeza mvuke badala ya oili, na mvuke hubonyezeka. Gari lenye oili ya miaka mingi na diski zilizokatwa kupita kiasi limebeba hatari mbili zinazosubiriana, na zote mbili ni za kawaida sana kwetu.

Hapo mtu anaweza kudhani funzo ni moja: nunua mpya, acha kuchonga. Mwandishi angelikubali hilo kama asingemwona mama mmoja mfanyabiashara wa Sinza aliyefika na Prado.

Alikuwa amebadilisha diski za mbele mara mbili. Kila zikifungwa mpya gari lilitulia, na miezi michache baadaye usukani ukaanza tena kutetemeka. Gereji alikopeleka gari ilimwambia diski "zimepinda" na kwamba anunue seti ya tatu. Mtu akamshauri ajaribu kuchonga kwanza, akatuma dereva na diski kwenye kiroba. Mzee akazipima: sehemu nene ilikuwa 27.82, nyembamba 27.79. Karibu mpya. Akamwambia dereva, "Diski peke yake haiwezi kunieleza kitu. Nileteeni gari."

Gari lilipokuja, mama mwenyewe alikuwemo. Baada ya shikamoo na pole za foleni, Mzee aliomba jeki, akafungua matairi na kuangalia habu, ule uso ambao diski inakalia. Ulikuwa na magamba ya kutu ambayo hakuna fundi aliyewahi kuyagusa. Kila diski mpya ilibandikwa juu yake. Alirudisha diski, akaikaza kwa nati zake, akaweka geji ya saa na kuizungusha taratibu. Mshale ulicheza milimita 0.12. Kwa magari mengi madogo na ya kati, kinachoruhusiwa hakizidi 0.05 au kitu kinachokaribiana nacho. Kijana akapewa brashi ya waya na msasa, akasugua habu hadi chuma kikaonekana. Mzee akajaribu kuikalisha diski katika nafasi tofauti za bolti, akachagua ile ambayo mshale ulicheza kidogo zaidi. Ikafika 0.04.

Kuyumba huko kwa 0.12 ndiko kulikokuwa kukimaliza diski. Diski inayoyumba kiasi hicho hugusa pedi sehemu moja kila inapozunguka, hata dereva akiwa hajakanyaga breki. Tairi la Prado huzunguka zaidi ya mara 400 kila kilomita. Safari moja ya Dar es Salaam hadi Iringa, ambayo ni kama kilomita 500, ni miguso 200,000 mahali pale pale. Baada ya miezi kadhaa sehemu hiyo inakuwa nyembamba kuliko nyingine kwa milimita 0.01, 0.02, 0.03. Milimita 0.02 tu zinatosha usukani kuanza kutetemeka, maana breki inakamata na kuachia kwa zamu. Diski haikupinda. Imeliwa bila usawa, au imebandikwa tabaka la pedi bila usawa. Carroll Smith, mhandisi wa Kimarekani wa magari ya mashindano aliyeandika vitabu kadhaa vya ufundi, alilipinga kwa nguvu wazo la diski kupinda, akieleza kwamba kinacholaumiwa kama kupinda karibu kila mara ni pedi iliyojipaka vibaya juu ya chuma.

Diski za yule mama zilikatwa kidogo sana, kiasi cha kuondoa ile tofauti tu, zikabaki na zaidi ya 27.6. Angenunua seti ya tatu na kuifunga juu ya kutu ile ile, angerudi kwenye tatizo lile lile. Hapa kuchonga ndiko kulikokuwa sahihi, lakini kulifanikiwa kwa sababu ya brashi ya waya. Mtu yeyote anayejadili kuchonga au kununua kabla ya kuuliza kwa nini diski imeharibika anajadili nusu ya shauri.

Kitu kingine ambacho kijana alijifunza pale kilimjia kwa masikio. Diski nzuri ikikatwa hutoa mlio laini usiokatika. Diski iliyowahi kuungua ina madoa ya bluu, na ncha ya kukatia ikifika kwenye doa hupiga yowe na kuruka. Chuma cha diski ni chuma cha kusubu chenye grafiti ndani yake; kikipita nyuzi 650 hivi, baadhi ya sehemu hugeuka kuwa sementaiti, mchanganyiko wa chuma na kaboni ulio mgumu sana. Doa hilo huwa limezama ndani zaidi ya linavyoonekana. Ukikata juu yake, uso utaonekana sawa siku hiyo, lakini sehemu laini zitaliwa na pedi na ile ngumu itabaki imesimama. Mzee akisikia yowe hilo alizima mashine. Hakuna namna ya kuiokoa diski hiyo kwa kuchonga.

Mashine nazo zina mchango. Karakana nyingi za mitaani hutumia mashine ya kawaida ya kukereza: inakatwa sura moja, diski inageuzwa, inakatwa ya pili. Fundi asipoikalisha upya kwa uangalifu, sura mbili hazitakuwa sambamba, na diski itatoka ikiwa na kosa jipya ambalo haikuja nalo. Mashine maalumu za breki hukata pande zote mbili kwa pamoja. Zipo pia zinazofungwa kwenye gari lenyewe, diski ikiwa juu ya habu yake, na Honda kwa miaka mingi imewaelekeza mafundi wake nchini Marekani kuzitumia hizo, kwa kuwa hurekebisha diski na habu kwa mara moja. Mzee hakuwa na mashine ya namna hiyo. Alikuwa na geji ya saa na uvumilivu: aliishika diski kwa uso ule unaokaa kwenye habu, si kwa ukingo wa nje wenye kutu, akaipima kabla na baada ya kuigeuza. Mkato wa mwisho aliupitisha polepole sana, kisha akausugua kwa msasa kwa mwendo wa duara ili kuvunja mistari inayofanana na ya sahani ya santuri, maana mistari hiyo huvuta pedi upande na kuzifanya zigonge. Mwishowe diski ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni. Unga wa chuma ukibaki, huingia kwenye pedi mpya siku ya kwanza.

Wanaoishi Ulaya au Marekani Kaskazini watasema shauri hili kwao limekwisha, na karibu wana haki. Breki za diski zina historia ndefu huko: Frederick Lanchester alizipatia hataza Uingereza mwaka 1902, Jaguar ikazitumia kushinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, na Citroën DS ya mwaka 1955 ikazipeleka kwa watu wa kawaida. Kwa miongo kadhaa kuchonga kulikuwa kazi ya kila siku ya gereji. Kilichobadilika ni bei. Diski zinasubiwa kwa wingi China na India na kuuzwa kwa bei ndogo, wakati saa moja ya fundi imepanda sana. Watengenezaji nao wamezipunguza uzito, kwa hiyo kilichobaki cha kukata ni kidogo. Sasa kanuni ya Euro 7, iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2024, inaweka kwa mara ya kwanza kikomo cha vumbi linalotoka kwenye breki, na baadhi ya watengenezaji wanajibu kwa diski zilizopakwa tabaka gumu. Ukikata diski ya namna hiyo unaondoa kile hasa ulichokilipia.

Kwetu hesabu ni tofauti. Saa ya fundi bado ni nafuu, na magari yanaingia yakiwa yamekwisha kutumika: Kenya inaruhusu yasiyozidi miaka 8, Uganda yasiyozidi miaka 15. Diski zake zimekwisha kuliwa sehemu ya milimita zake Japani, na zikasimama wiki nyingi melini na bandarini, pedi zikiwa zimezigusa mahali pamoja katika hewa ya chumvi. Kutu nyepesi ya juu huondoka kwa kukanyaga breki siku mbili tatu. Alama ya pedi inaweza kubaki, na mkato mwepesi huitoa vizuri.

Lakini pwani ina jambo lake. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi huingia kwenye yale matundu ya hewa katikati ya diski na kula mapezi kutoka ndani. Mikromita inapima nje tu. Diski inaweza kuonyesha 27.5 huku mapezi yake yamekuwa membamba, na Mzee aliwahi kuwaonyesha vijana wake diski ya namna hiyo kwa kuichungulia kwenye mwanga wa mlango, kutu ikidondoka kwa vipande alipoigonga. Hiyo haichongwi hata kidogo. Inatupwa.

Iko pia njia ya tatu ambayo haina anayeiuza, nayo ni kuiacha diski ilivyo. Mtu akibadilisha pedi na diski haitetemeshi gari, haina nyufa, haina mifereji mirefu na iko juu ya kikomo kwa nafasi ya kutosha, hakuna sababu ya kuikata. General Motors imewaelekeza mafundi wake wasichonge diski kwa sababu tu pedi zinabadilishwa. Mwandishi ameona diski nyingi nzuri zikipoteza nusu ya maisha yake kwa desturi hiyo ya "pedi mpya, diski ichongwe", na hakuna aliyefaidika isipokuwa pipa la chuma chakavu.

Anayeamua kununua naye achague. Diski mpya iliyosubiwa vibaya inaweza kuwa mbaya kuliko ya zamani iliyochongwa vizuri. Alama moja inayosaidia ni ile ya kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vipuri vya breki: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano E1 ni Ujerumani na E4 Uholanzi, ikifuatana na namba ya kanuni yenyewe. Alama huigizwa, hilo ni kweli, kwa hiyo bado ipimwe dukani kwa vernia na izungushwe kwenye geji siku ya kufungwa. Diski hufungwa au kuchongwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, ili gari lisivute upande mmoja breki inapokanyagwa.

Baada ya hapo kazi ni ya dereva na ya fundi wa matairi. Nati za gurudumu zikikazwa kwa bomba refu, moja sana na nyingine kidogo, zinaivuta diski na kuirudisha kwenye kuyumba. Corolla nyingi zinahitaji nyutani-mita 103 kwa kila nati, zikikazwa kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Kilomita za mwanzo breki zikanyagwe kwa kiasi, kutoka mwendo wa 50 au 60 hadi mwendo mdogo bila kusimama kabisa, mara kadhaa, na kuachwa zipoe katikati. Na ukishuka mlima ukafika chini breki zikiwa za moto, usikae umezikanyaga kwenye foleni. Tumia breki ya mkono pale ardhi inaporuhusu, maana pedi yenye moto huacha alama yake pale pale iliposimama.

Mzee alistaafu, na mashine yake sasa inaendeshwa na mmoja wa vijana wake. Mikromita bado inafunguliwa kabla ya swali lolote. Msomaji mwenye gari, hili lipo mikononi mwako hata kama hujui kushika spana: ukiambiwa diski zichongwe au zinunuliwe, omba kwanza uandikiwe vipimo vinne kwenye karatasi ya malipo. Unene uliopo sasa, kikomo kilichochapwa, kuyumba kwa diski ikiwa juu ya habu iliyosafishwa, na unene utakaobaki baada ya mkato. Fundi asiyeweza kukupa vipimo hivyo hajajua bado kama diski yako ni ya kuchongwa, ya kutupwa au ya kuachwa, na usimlipe mpaka ajue.